Ardhi ya Kazi na Ardhi ya Unyonyaji: Uhakiki wa Waraka wa Maaskofu wa Brazil na Jumuiya Zilizouzaa

Katika mafunzo yetu ya itikadi, kila linapofikiwa somo la dini na mapambano ya wanyonge, makada hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hutaja haraka haraka maneno ya Marx kuhusu kasumba, hufunga daftari na kuliona somo limekwisha. Kundi la pili, ambalo kwa kawaida ni kubwa zaidi kwa kuwa wengi wetu Ijumaa tuko msikitini na Jumapili tuko kanisani, husema dini na siasa zisichanganywe, na hapo nako mjadala hufungwa. Makundi haya yanafanana katika jambo moja: hakuna linalochunguza hali halisi. Mwanafunzi wa siasa anayejua jibu kabla ya kutazama jamii hana tofauti na katekisti anayekariri maswali na majibu.

Makala haya yanachukua mfano mmoja ulio wazi. Tarehe 14 Februari 1980 Baraza la Maaskofu Katoliki la Brazil, likikutana Itaici katika jimbo la São Paulo, lilipitisha waraka uitwao "Kanisa na Matatizo ya Ardhi". Tutauhakiki waraka huo kama tunavyohakiki maandishi yoyote ya siasa: umesema nini, umenyamazia nini, na nyuma yake palikuwa na nguvu gani. Jibu la swali hili la mwisho ndilo kiini cha uhakiki wetu, maana waraka ulikuwa mzuri, lakini jumuiya ndogo za waumini zilizouzaa zilikuwa bora kuliko waraka wenyewe.

Kwanza historia. Kanisa la Brazil halikuzaliwa upande wa wavujajasho. Kwa karne nne lilikula meza moja na makabaila wa miwa na kahawa, na watumwa walibatizwa na kuuzwa bila padri kuona mgongano wowote. Hata karibuni zaidi, majeshi yalipompindua Rais João Goulart mwanzoni mwa Aprili 1964, siku chache tu baada ya yeye kutangaza hatua za mageuzi ya ardhi, maaskofu walitoa tamko mwezi Juni mwaka huo wakiwashukuru wanajeshi kwa kuliokoa taifa na ukomunisti. Jambo hili lisifichwe na wale wanaopenda kusimulia habari za Kanisa la Brazil kana kwamba ni hadithi ya watakatifu watupu. Paulo Freire, ambaye mbinu yake ya kufundisha watu wazima kusoma ilikuwa imeanza kuenea vijijini, aliwekwa gerezani na kisha akaenda uhamishoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam na kuzungumza na walimu wetu wa elimu ya watu wazima.

Ni nini basi kilichowageuza maaskofu katika miaka kumi na sita kati ya tamko lile na waraka huu? Wapo wanaojibu kwamba ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mkutano wa maaskofu wa Amerika ya Kusini uliofanyika Medellín, Kolombia, mwaka 1968. Jibu hili lina ukweli lakini halitoshi. Nyaraka za Roma zilisomwa pia na maaskofu wa Ajentina, na wengi wao walibaki upande wa majenerali hadi mwisho. Kilichoongezeka Brazil ni kwamba wanajeshi walivifunga vyama, walivitia vyama vya wafanyakazi mikononi mwa serikali, na tangu Desemba 1968 walitawala kwa amri isiyo na mipaka. Mahali pekee ambapo wanyonge ishirini waliweza kukaa pamoja na kuzungumza bila kibali cha polisi palikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa. Mapadri nao walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama ile. Vijiji vingi vilimwona padri mara moja au mbili kwa mwaka, kwa hiyo waumini wenyewe walilazimika kuongoza sala, kusoma Biblia na kuamua mambo yao. Upungufu wa mapadri ukazaa viongozi wa walei. Hapo ndipo jumuiya za msingi zilipostawi, na katika miaka ya 1980 zilikadiriwa kufikia makumi ya maelfu.

Njia yao ya kazi ilikuwa na hatua tatu, zilizotoka kwa padri wa Ubelgiji Joseph Cardijn aliyewaandaa vijana wa viwandani tangu miaka ya 1920: kuona, kupima, kutenda. Kada anayejua kazi yake atagundua mara moja kwamba huu si utaratibu mgeni kwake. Tofauti ni kwamba kwa jumuiya zile hatua ya kwanza ilichukuliwa kwa uzito.

Tutazame mfano wa akina mama wa kusini mwa jiji la São Paulo. Walianza katika vikundi vya kushona na kusali katika mitaa ya pembezoni, mahali pasipo na maji, zahanati wala barabara ya lami. Walipoanza kulinganisha bei ya maharage na mchele na mishahara ya waume zao waligundua kwamba kila mmoja alikuwa akidhani umaskini wa nyumba yake ni uzembe wake mwenyewe. Wakatengeneza maswali, wakapita nyumba kwa nyumba, wakaandika majibu. Takwimu walizozikusanya zilikuwa zao. Kutoka hapo likazaliwa Vuguvugu la Gharama za Maisha, na tarehe 27 Agosti 1978 umati ulikusanyika katika uwanja wa kanisa kuu la São Paulo ukiwa na madai ya kuzuia bei za vyakula na kuongeza mishahara, yaliyotiwa sahihi na watu wapatao milioni 1.3. Serikali ya kijeshi haikutimiza madai hayo. Lakini ilikuwa imeona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, wanyonge wakidai jambo kwa sauti moja katika uwanja wa wazi. Aliyewafungulia njia alikuwa Kadinali Paulo Evaristo Arns, ambaye mwaka 1973 aliliuza jumba la askofu mkuu ili fedha zake zinunue viwanja vya kujengea vituo vya jumuiya huko pembezoni. Tutalirudia jambo hili la mali ya Kanisa.

Upande wa mashamba mapambano yalikuwa makali zaidi, na ndiko waraka wa Itaici ulikochukua hoja zake. Serikali ya kijeshi iliifungua Amazonia kwa kuyapa makampuni makubwa nafuu ya kodi ili yafyeke msitu na kufuga ng'ombe. Kampuni ya magari ya Volkswagen, kwa mfano, ilipata ranchi ya hekta zipatazo 140,000 katika jimbo la Pará. Wakulima waliokuwa wakilima pale bila hati, pamoja na makabila ya wenyeji, walijikuta ni wavamizi katika ardhi yao. Hati za kughushi zilitengenezwa ofisini, na wauaji wa kukodiwa wakamaliza kazi iliyobaki. Mwaka 1971 Pedro Casaldáliga, siku alipowekwa wakfu kuwa askofu wa São Félix do Araguaia, alitoa barua ndefu iliyotaja mashamba makubwa, wenye mashamba hayo na vitendo vyao, tena kwa majina. Mwaka 1975 Tume ya Kichungaji ya Ardhi iliundwa. Mwaka uliofuata Padri João Bosco Penido Burnier alikwenda na Casaldáliga katika kituo kidogo cha polisi kuwatetea wanawake wawili waliokuwa wakiteswa humo, akapigwa risasi na askari na kufa. Baada ya misa ya siku ya saba wanakijiji walikibomoa kituo hicho kwa mikono yao.

Kutoka katika mambo hayo ndipo maaskofu waliandika. Sasa tuutazame waraka wenyewe.

Nguvu yake kubwa ni maana mbili za ardhi ambazo unazitofautisha. Ipo ardhi ya unyonyaji, ambayo mtaji huitwaa ili ujikuze, ukizalisha faida mpya bila kikomo, ama kwa kunyonya jasho la wengine ama kwa kuifungia ardhi na kungoja bei ipande. Na ipo ardhi ya kazi, ambayo anayo yule anayeilima, iwe ni ya familia, ya jumuiya ya wakulima au ya kabila zima la wenyeji. Kwa tofauti hiyo moja maaskofu waliutoa mjadala wa mali binafsi katika ubishi wa vitabuni na kuuweka mahali unapoweza kujibiwa na mtu yeyote mwenye jembe. Msomaji wa Tanzania hatashindwa kuitambua hoja hii. Mwalimu Nyerere aliitoa mwaka 1958 katika kijitabu cha "Mali ya Taifa" alipopinga ardhi kufanywa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, akisema kwamba jasho ndilo linalompa mtu haki ya kuitumia. Waraka haukuitoa hoja hiyo kwetu, na ndiyo sababu kufanana huko kuna uzito: wakulima wa Araguaia na wakulima wa Tanganyika walifika pale pale kwa njia mbalimbali.

Sifa ya pili ya waraka ni kutoogopa tarakimu. Ulionyesha kwamba mwaka 1975 zaidi ya nusu ya mashamba yote ya Brazil, yale ya chini ya hekta 10, yalikuwa na asilimia 2.8 tu ya ardhi, wakati mashamba ya hekta zaidi ya 1,000, ambayo hayakufika hata asilimia moja ya mashamba yote, yalikuwa na asilimia 42.6. Maaskofu waliosoma tarakimu hizi mbele ya majenerali hawakuwa wakihubiri sadaka. Sadaka haiulizi nani anamiliki nini.

Lakini waraka una udhaifu, na ni lazima usemwe. Udhaifu wa kwanza ni swali la dola. Waraka unaunga mkono mapambano ya wakulima kwa ajili ya mageuzi ya kweli ya ardhi, lakini nani atayatekeleza? Brazil ilikuwa na sheria ya mageuzi ya ardhi tangu Novemba 1964, tena iliyotungwa na wanajeshi wenyewe, nayo ilikaa kabatini miaka yote hiyo kwa kuwa waliokuwa na ufunguo wa kabati ndio waliokuwa na mashamba. Kumdai kabaila agawe ardhi kwa kumwonyesha sheria aliyoitunga yeye ni sawa na machozi ya samaki. Waraka unajua nani ananyonya. Haujui, au hautaki kusema, nani ashike madaraka. Maaskofu watasema hiyo si kazi yao. Inawezekana. Hata hivyo pengo hilo lilipaswa kuzibwa na mtu, na tutaona lilivyozibwa.

Udhaifu wa pili uko karibu zaidi na nyumbani mwao. Maaskofu waliahidi kuchunguza umiliki na matumizi ya mali ya Kanisa lenyewe. Kuchunguza! Waraka uliokuwa mkali kwa makampuni ukawa mpole ulipofika kwenye mashamba ya Kanisa. Kadinali Arns aliuza jumba kwanza, hotuba zikafuata. Waraka wa Itaici ulianza na hotuba.

Jumuiya, kwa upande wao, hazikungoja. Mwaka 1981, kusini kabisa mwa nchi, familia zipatazo mia sita zisizo na ardhi zilijenga vibanda vya nailoni kando ya barabara mahali paitwapo Encruzilhada Natalino. Walisimamisha msalaba mzito wa mti na kuufunga vitambaa vyeupe, kimoja kwa kila mtoto aliyefia kambini. Serikali ilimpeleka kanali wa jeshi aliyejulikana kwa kuwasaka wapiganaji wa msituni wa Araguaia. Alifunga njia, alitoa ahadi za ardhi ya mbali kaskazini, aligawa vyakula kwa waliokubali na vitisho kwa waliokataa, na baada ya wiki kadhaa aliondoka kambi ikiwa bado ipo. Mwaka uliofuata Kanisa lilinunua kipande cha ardhi jirani na kuwahamishia humo familia zilizobaki, na hilo lilikuwa jibu zuri zaidi kwa ile ahadi ya kuchunguza. Kambini humo walilelewa wengi wa wale walioanzisha, Januari 1984, Vuguvugu la Wafanyakazi wa Mashambani Wasio na Ardhi, ambalo lilikataa tangu mwanzo kuwa idara ya Kanisa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na sababu yake inafuata.

Jumuiya za msingi zilikuwa zikiishi katika nyumba isiyo yao. Mwenye nyumba alikuwa askofu, na askofu huteuliwa Roma. Mwaka 1984 Vatikano ilitoa maelekezo makali dhidi ya sehemu za teolojia ya ukombozi, na mwaka 1985 mwanateolojia Leonardo Boff, aliyeandika kwamba jumuiya ndizo zinazolizaa Kanisa upya, aliamriwa kunyamaza. Mwaka huo huo Hélder Câmara alistaafu kule Recife, na aliyemrithi akaanza kubomoa kazi yake hatua kwa hatua; kufikia 1989 vyuo viwili vilivyoandaa mapadri kwa mwelekeo huo vilikuwa vimefungwa. Mwaka huo wa 1989 jimbo kuu la Arns lilikatwakatwa, na maeneo ya pembezoni, yakiwemo yale ya akina mama wa maharage, yakawekwa chini ya maaskofu wengine. Hakuna askari aliyetumika. Zilitosha barua za uteuzi. Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini, na ulinzi wa askofu ulikuwa cha ndugu.

Upande mwingine pengo la dola lilizibwa na chama. Makada wengi wa jumuiya waliingia katika Chama cha Wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1980. Mgomo mkubwa wa wafanya kazi wa vyuma wa mwaka huo, baada ya serikali kukitwaa chama chao, uliendeshwa kwa mikutano ndani ya kanisa la parokia ya São Bernardo. Chama hicho kiliingia Ikulu Januari 2003. Waliokuwa wakiongoza sala na mijadala katika vibanda wakawa madiwani, wakurugenzi na washauri wa mawaziri. Nani alibaki kibandani? Sensa inatoa sehemu ya jibu: mwaka 1980 Wakatoliki walikuwa karibu asilimia 89 ya Wabrazil, na katika sensa ya 2022 walikuwa asilimia 56.7, huku makanisa ya kiinjili yakifikia asilimia 26.9. Sababu ni nyingi na haifai kulitupia lawama jambo moja. Lakini mchungaji wa kilokole alikuwapo mtaani kila jioni, na kada alikuwa kwenye kikao mjini. Jambo hili makada wetu walisome mara mbili.

Haifai vilevile kuhukumu kwamba kazi yote ilipotea. Mbegu zilizopandwa mitaani zilizaa katika ngazi ya taifa. Mwaka 1999 Bunge la Brazil lilipitisha sheria dhidi ya ununuzi wa kura, iliyoanzishwa na tume ya haki na amani iliyo chini ya Baraza la Maaskofu na kufikishwa bungeni kwa sahihi za wananchi zaidi ya milioni moja. Sahihi hizo zilikusanywa milangoni mwa makanisa na sokoni, kwa mtindo ule ule wa 1978, na kwa sheria hiyo mameya na madiwani wengi wamepoteza viti. Septemba 2000 Baraza hilo, likishirikiana na vuguvugu la wasio na ardhi na wengine, liliendesha kura ya maoni isiyo ya serikali kuhusu deni la nje, na watu wapatao milioni sita walipiga kura. Na ule ushahidi wa mateso ya vibarua katika ranchi ya Volkswagen, uliokusanywa na padri wa Tume ya Ardhi tangu miaka ya 1980, ulifika mahakamani: mwaka 2025 mahakama ya kazi kule Pará iliiamuru kampuni hiyo kulipa reais milioni 165, nayo ikasema itakata rufaa. Kumbukumbu za karatasi zilizotunzwa katika ofisi ya parokia ziliishi kuliko utawala wa kijeshi.

Ila ardhi yenyewe haikuhama. Sista Dorothy Stang, aliyeishi na wakulima wa Anapu miaka mingi, aliuawa kwa risasi Februari 2005, chini ya serikali ya chama ambacho jumuiya zilikisaidia kuzaliwa. Na sensa ya kilimo ya 2017 ilionyesha kwamba mashamba ya hekta 1,000 na zaidi, yaani asilimia moja ya mashamba yote, yalishika asilimia 47.6 ya eneo. Waraka wa Itaici ulilalamikia asilimia 42.6.

Kwetu hali ilikuwa tofauti tangu mwanzo. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziliwekwa kuwa mpango wa Kanisa katika Afrika Mashariki kwa maamuzi ya maaskofu, hasa katika mkutano wao wa 1976, na zilipoanza hapa zilikuta tayari Chama kina mashina yake ya nyumba kumi. Mwalimu alikuwa amewaambia masista wa Maryknoll kule New York, Oktoba 1970, kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuupinga mfumo unaowaweka watu katika umaskini litakuwa halina maana kwao. Aliyasema hayo akiwa Mkatoliki na kiongozi wa chama tawala kwa pamoja, wala hakuona haja ya kuomba radhi kwa pande zote mbili. Leo mwananchi huyo huyo huhudhuria shina na jumuiya katika wiki moja. Katika jumuiya huzungumzwa mchango wa ujenzi wa kigango, wa msiba na wa harusi. Katika shina huzungumzwa mchango mwingine. Bei ya maharage hulalamikiwa njiani, kati ya kikao kimoja na kingine.

Na ardhi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria, basi, tunacho kile ambacho wakulima wa Encruzilhada Natalino walikilalia njaa barabarani. Lakini mkutano mkuu unaoitishwa kwa tangazo la jana, ambapo ombi la hekta mia kadhaa husomwa mara moja na waliohudhuria hawajui mpaka unaotajwa unapita kwenye korongo lipi, unaweza kuitoa ardhi ya kazi iwe ardhi ya unyonyaji kwa kunyoosha mikono tu. Kabla ya siku hiyo lazima pawe na watu ishirini, wa shina au wa jumuiya, waliokwisha kutembea mpaka huo kwa miguu na kuandika katika daftari lao nani analima wapi, nani anachunga wapi, na kisima kiko upande gani.